Stika tisa, paka mmoja: najaribu hadithi ya picha inayomaliziwa na msomaji

#1 Mkasi Butu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka aruke hadi jaribio la tatu, ndipo mambo yalipoanza kueleweka.

Mimi ni mtu wa michoro. Kazi zinazofanya mkono uende kinywani ni nembo, mabango na vifungashio. Lakini kwa miezi kadhaa sasa, usiku, nimekuwa nachezea kitu kimoja: kitabu kidogo cha picha ambacho kwa makusudi hakijakamilika, na anayekikamilisha ni msomaji, kwa stika. Stika za kupamba sizitaki. Nataka stika ikibandikwa hadithi ibadilike, na isipobandikwa hadithi isisogee.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Treni ya usiku, behewa la mwisho, abiria sita, kondakta, na sanduku moja lisilo na mwenyewe. Kurasa 12, saizi ya A5, rangi mbili tu, bluu na nyekundu. Kila mtu ana sura lakini hana jina, na kitabu kizima hakina neno hata moja. Karatasi ya stika imechomekwa nyuma ya jalada.

Jaribio la kwanza nilichora stika 24, kila moja na kivuli chake ukurasani. Umbo la mwavuli linangoja mwavuli, umbo la paka linangoja paka. Nilijiona fundi kweli. Nikawapa watu watano. Wote walimaliza ndani ya dakika kumi, na kurasa zao zikatoka sawasawa kama zimepigwa fotokopi. Nikamuuliza mmoja, "Kwa hiyo sanduku ni la nani?" Akanitazama. "Kwani kulikuwa na swali?"

Nilikuwa nimechora fomu ya kujaza, basi. Kivuli kilishamjibia kila kitu kabla hajafikiri. Hii hamu ya kujaza nafasi tupu wengine wameijua zamani: Panini wa Modena, Italia, wanauza picha za wachezaji mpira za kubandika tangu 1961, kila nafasi kwenye albamu ina namba yake, na ile moja iliyobaki wazi inakunyima usingizi. Lakini albamu haisimulii kitu, inahesabu tu. Ikijaa, imekwisha.

Jaribio la pili nikakimbilia upande wa pili kabisa. Hakuna vivuli, stika 40, bandika unapotaka. Nikadhani uhuru wenyewe utazaa hadithi. Wapi! Mtu anashika karatasi, anaigeuza, anauliza, "Sasa nifanyeje?" Mmoja alibandika zote 40 kwenye jalada akanirudishia. Jalada lilipendeza, siwezi kusema uongo, ila ndani hakufungua.

Jaribio la tatu stika zikabaki 9. Mahali pa kubandika hapana kivuli, lakini mchoro wenyewe unakuita: benchi tupu, dirisha jeusi, rafu ya mizigo yenye pengo katikati, mkono ulionyooshwa ambao haujashika kitu. Sehemu za namna hiyo zimezidi 20. Paka ni mmoja, na anaweza kukaa sehemu nne. Ukimweka mapajani mwa bibi kizee, ujue umeshamnyang'anya mtoto wa benchi la nyuma.

Ngoja niwaoneshe msomaji mmoja tu. Alikuwa na stika ya mwezi, duara la sentimita tatu, ameiinua kwa ukucha na sasa imekaa kwenye ncha ya kidole cha shahada. Dirisha liko pale, jeusi, linausubiri mwezi. Kidole kikaenda dirishani, kikasimama hewani, kikarudi. Nilihesabu moyoni nikafika kumi na tano. Halafu akaubandika mwezi juu ya mdomo wa kondakta. Akasema, "Huyu anajua." Akafunua ukurasa.

Wakuu, kondakta anaonekana tena kurasa tano mbele, nimemchora kawaida tu, na mwezi haupo tena mdomoni. Msomaji alipofika pale akasema, "Aaa, kumbe keshasema." Mimi sikuchora siri yoyote. Ni yeye alijenga mwanzo na mwisho wa jambo, na mchoro wangu ukamfuata.

Nilipokwama ni kwenye gundi. Ile inayobanduka au ile isiyobanduka? Nimejaribu zote mbili na kila moja inanipa kitabu tofauti. Waliowahi kupita njia hii naomba mnishike mkono.

#2 Chapa Usiku

Nimevuta kigoda. Endeleeni.

#3 Wembe wa Pili

Mkuu, mimi niko upande wa mashine, hadithi nawaachia wenyewe. Nikueleze gundi kwanza maana wabunifu wengi wanaichagua kama wanavyochagua rangi.

Zamani kitu cha kubandika kilihitaji mate au maji. Stempu ya kwanza ya posta ya Uingereza ya 1840 ilikuwa hivyo, unailowesha mgongoni ndiyo inashika. Mwaka 1935 Mmarekani Stanton Avery akatoa lebo zilizokwisha kukatwa zenye gundi inayoshika kwa kubonyezwa tu. Stika yako ni mjukuu wa lebo zile.

Sasa gundi ya namna hii haikauki. Inabaki mbichi, na ukiibonyeza inatiririka polepole sana kuingia kwenye vinyweleo vya karatasi. Ndiyo maana stika uliyobandika sasa hivi inatoka, lakini ya jana inaondoka na ngozi ya ukurasa. Kwa gundi ya kudumu, mpe msomaji dakika chache za kubadili mawazo, baada ya hapo amefunga ndoa.

Ya kubanduka nayo usiiamini kichwakichwa. Inategemea inabandikwa juu ya nini. Kwenye karatasi tupu isiyo na plastiki juu, hata gundi dhaifu itang'oa nyuzi, na stika ikishabeba nyuzi haishiki tena. Ukitaka mtu abandue na kubandika mara nyingi, kurasa zipitishwe kwenye laminesheni, yaani zifunikwe na plastiki nyembamba. Ukipitisha laminesheni, kalamu haziandiki vizuri juu yake. Chagua moja.

Swali langu kwako: ulikatiaje hizo 9?

#4 Mkasi Butu

Kwa mashine ndogo ya mezani, kisu kinakata stika bila kukata karatasi ya mgongoni. Kundi la kwanza lilikuwa balaa. Kazi niliipeleka kwa watu wa kuchapa, wakaniletea karatasi ambazo kisu kimezama mpaka mgongoni. Kwa macho huoni kitu. Msomaji akianza kubandua, kipande kizima kinatoka na mgongo wake, anabaki ameshika paka mwenye karatasi mbili na hajui aanzie wapi kuzitenganisha. Mmoja alitumia meno.

#5 Wembe wa Pili

Hahaha, meno! Hilo ni la kina cha kisu na huwa halionekani mpaka ukunje. Siku nyingine kabla hujapokea mzigo chukua karatasi moja, igeuze, ipige tochi mgongoni. Ukiona mistari ya mwanga, rudisha.

Na mengine madogomadogo: usiache pembe kali, zikate ziwe na mviringo wa milimita 2 au 3, maana pembe kali ndizo zinaanza kuinuka. Rangi izidi mstari wa kukata kwa milimita 2 kila upande, kisu hakikosi kuhama kidogo. Stika isiwe ndogo kuliko ukucha. Na umfundishe msomaji kukunja karatasi ya mgongoni badala ya kuvuta stika. Ukiikunja pembeni, stika inainuka yenyewe, haijikunji.

#6 Bi Rula

Mkasi Butu, umeuliza gundi kana kwamba ni swali la vifaa. Naona ni swali la hadithi, na Wembe amelijibu nusu bila kujua aliposema "amefunga ndoa".

Stika inayobanduka ni mchezo wa "je, ingekuwaje". Mwaka 1951 huko Marekani zilitoka Colorforms, vipande vya plastiki laini vinavyong'ang'ania ubao wenye kung'aa bila gundi yoyote. Mtoto anajenga, anabomoa, anajenga tena. Hakuna kinachoharibika. Ni raha, lakini jiulize kama kuna jambo lolote lililotokea pale ambalo haliwezi kufutwa. Hakuna. Ile ni hadithi isiyo na jana.

Kisha tazama Risk Legacy, mchezo wa mezani wa 2011 uliobuniwa na Rob Daviau. Wachezaji wanabandika stika juu ya ramani yenyewe, na haziondolewi. Mji ukishapewa jina, ndiyo jina lake katika michezo yote itakayofuata kwenye ubao ule. Ubao wako hautafanana na wa mtu mwingine duniani. Watu walizoea kutunza michezo yao kama mayai, huu unawaambia waandike juu yake, na kadi nyingine wazichane kabisa. Mikono inatetemeka.

Yule msomaji wako aliyesimamisha kidole hewani sekunde kumi na tano, alikuwa na gundi gani?

#7 Mkasi Butu

Ya kudumu. Daah.

Nimerudi kuangalia daftari langu. Wote niliowapa inayobanduka, hakuna aliyesita hata sekunde tatu. Wanabandika, wanacheka, wanabandua. Walioambiwa haibanduki ndio walioanza kuongea peke yao.

#8 Msomaji wa Pembeni

Samahani wakuu, mimi si mbunifu, napita tu. Hiki si kitabu cha watoto? Na kama ni hadithi ya kuchagua njia, si mngetengeneza programu ya simu, mtu anagusa paka anaenda anapotaka, mambo kwisha? Sioni kwa nini mtu mzima ahangaike na ukucha.

#9 Mkasi Butu

Swali halali mkuu. Ya simu nilianza nayo, sikutaka kuitaja kwa aibu. Unagusa paka, paka anakaa. Hukupoteza kitu, hukuchagua kitu. Kuna kitufe cha kurudi nyuma na mtu anakitumia kabla hata hajatazama alichofanya.

Kubandua kunachukua muda. Unatafuta ukingo, unakunja karatasi, kipande kinainuka, kinanata kidoleni, unakibeba juu ya ukurasa mzima, na njiani unaona sehemu zote ambazo kingeweza kwenda. Ule muda wa kubeba ndipo watu wanapofikiri. Nimejaribu kuuiga kwenye skrini kwa kuburuta, haiwi ile ile. Labda kuna aliyefanikiwa.

Kuhusu watoto: waliowahi kupewa hiki kitabu wote ni watu wazima. Watoto wangekichangamkia, ila wangembandika paka kwenye paji la uso la dada yao, na hapo siwezi kushindana.

#10 Tabaka la Tatu

Naomba nimtetee Msomaji wa Pembeni kidogo, kwa sababu simu imefanya jambo na stika ambalo karatasi haijafanya.

LINE, programu ya ujumbe kama WhatsApp, walianza kutuma stika kwenye mazungumzo mwaka 2011, WhatsApp wakafuata 2018. Nimechora pakiti kadhaa za WhatsApp. Masharti ni mafupi: kila stika mraba wa pikseli 512 kwa 512, nyuma ya mchoro pawe wazi bila rangi, stika isiyocheza isizidi KB 100, na pakiti iwe na stika 3 hadi 30. Ukishaipakia umeaga. Hujui itatumwa lini, baada ya sentensi gani, na nani.

Niliwahi kuchora mhusika anayechungulia mlangoni, nusu uso. Nilikusudia "hodi". Watu wakaitumia kumaanisha "nimesoma ujumbe wako lakini sijibu". Baadaye nikaona wengine wanaituma mara tatu mfululizo, na ile ya tatu inamaanisha amekasirika. Mchoro ni uleule! Maana yake imetoka kwa kilichotangulia na kinachofuata. Watu wa filamu wanalijua hili tangu enzi za Lev Kuleshov, aliyepachika uso uleule kati ya picha tofauti na kila mara ukasomeka kivingine.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kitabu chako: chora sura zisizo na hisia kali. Uso unaocheka sana unakataa kutumika pengine. Kondakta wako, naamini, alikuwa mdomo mnyoofu tu.

#11 Mkasi Butu

Mdomo mnyoofu, umeotea. Na yule mtoto wa benchi la nyuma nilimchora analia machozi kabisa, ndiyo maana hakuna aliyefanya naye chochote zaidi ya kumpa paka. Nimeenda kufuta machozi sasa hivi.

#12 Mkasi Butu

Narudi baada ya wiki mbili na jaribio la nne. Hapa nilitaka stika ifanye kazi ya kimitambo, yaani ukibandika ukurasa unakupa kitu ambacho hukukiona. Nimejaribu mbinu mbili.

Ya kwanza, tiketi yenye tundu. Kondakta anatoboa tiketi, sivyo? Basi stika ya tiketi ina tundu la milimita 8 lililokatwa kabisa. Kwenye benchi la kila abiria, kitambaa cha kiti kina nakshi ndogondogo ambazo ukizikaribia ni tarakimu. Ukibandika tiketi pale, nakshi yote inafunikwa, kwenye tundu inabaki namba moja. Ni ukurasa wa kwenda. Kwa bibi kizee unaenda wa 7, kwa mwanamume mwenye kofia unaenda wa 10.

Iligoma mwanzoni. Watu hawabandiki palepale ulipotaka, wanapishana milimita nne, tano, na mwingine kaitega upande. Tundu likaonesha nusu ya 7 na mkia wa 1. Nilihangaika na alama za kona, zikaharibu mchoro, ukarudi ule ufomu wa jaribio la kwanza. Suluhisho likaja nikiwa nakoga: kiti kizima kirudie namba moja tu, kama kitenge kinavyorudia ua. Popote utakapobandika, tundu linaangukia 7. Kosa la mkono likaacha kuwa kosa.

Ya pili ndiyo naipenda zaidi. Stika ya taa ya ishara, plastiki nyekundu inayopitisha mwanga. Dirishani nimechora fujo ya mistari myekundu myepesi, na chini yake kwa bluu kuna mtu amesimama nje. Kwa macho makavu unaona dirisha lenye mvua. Ukibandika taa juu yake, wekundu wote unapotea, kwa sababu kupitia plastiki nyekundu karatasi nyeupe na wino mwekundu vinaonekana rangi moja, na bluu inageuka karibu nyeusi. Mtu anatokea. Madirisha yapo manne, taa ni moja, na nje ya kila dirisha kuna mtu tofauti.

Mara ya kwanza niliona mtu mzima anaruka kwenye kiti.

#13 Wembe wa Pili

Hiyo ya kitambaa imenifurahisha, umenifundisha kitu. Kuhusu plastiki, tahadhari moja: ukitaka kuchapa mchoro wowote juu ya stika inayopitisha mwanga, kumbuka wino wa printa wenyewe unapitisha mwanga pia. Juu ya ukurasa wa bluu, njano yako itakuwa kijani au itapotea kabisa. Lazima utangulize wino mweupe chini yake, na si kila printa inao. Taa yako imesalimika kwa sababu ni plastiki yenye rangi tayari.

Wekundu wa mistari nao uwe mwepesi kweli. Ukiukoleza, unabaki kivuli na siri inavuja.

#14 Mkasi Butu

Ilivuja. Nimepunguza wekundu mara tatu.

#15 Bi Rula

Mbinu nzuri, na nitakuwa yule shangazi anayeharibu sherehe. Taa inashangaza, lakini mtu aliye nje ya dirisha ni wako. Umemchora wewe. Msomaji amemgundua, hakumtunga. Yule wa mwezi mdomoni alitunga. Usije ukasahau kipi kilikufanya uandike uzi huu.

Kuna kazi mbili za mtaani za wabunifu ambazo huwa nazirudia. Mwaka 2002 Ji Lee alianza kubandika viputo vya maneno vitupu juu ya matangazo ya mitaani huko New York. Stika nyeupe, umbo la kiputo kama kwenye vibonzo, hakuna neno. Anaondoka. Wapita njia wanaandika. Anarudi kupiga picha. Modeli wa manukato anajikuta anazungumzia siasa. Stika ilikuwa rahisi kuliko zote ulizowahi kuchora, mstari mmoja uliozunguka.

Kisha Candy Chang, New Orleans, 2010. Majengo mengi yalikuwa matupu baada ya kimbunga Katrina cha 2005. Akatengeneza stika zenye maneno ya mwanzo tu, "Natamani hapa pangekuwa", na nafasi ya kuandika. Plastiki inayobanduka bila kuumiza ukuta. Watu wakaandika wanachokitaka mtaani kwao, wengine wakajibu waliotangulia.

Angalia tofauti ya ukali wa pengo. Lee hakutoa hata neno, lakini picha ya tangazo ilikuwa tayari ina mtu wa kusema. Chang hakutoa picha, jengo lilikuwepo, akatoa nusu sentensi. Hakuna aliyetoa vyote, na hakuna aliyetoa patupu kabisa kama jaribio lako la pili.

(Kabla mtu hajatoka na gundi usiku: kubandika kwenye mali ya mtu bila ruhusa ni kosa sehemu nyingi. Nimetaja ubunifu, sijamtuma mtu.)

#16 Tabaka la Tatu

Ukitaja wengi kuchangia kitu kimoja, mbona humtaji Yayoi Kusama, msanii wa Japani? Chumba chake cha 2002 pale Queensland Art Gallery, Brisbane. Samani, kuta, kila kitu cheupe, kila mgeni anapewa karatasi ya doti za rangi abandike apendapo. Mwisho chumba kinazama kwenye rangi.

#17 Bi Rula

Sikumtaja kwa sababu kwangu ile ni hali ya hewa, si hadithi. Doti ya mgeni wa kwanza na ya mgeni wa elfu moja ni sawa. Inapendeza mno, sikatai.

#18 Tabaka la Tatu

Sikubaliani hata kidogo. Mgeni wa kwanza anaharibu weupe. Mgeni wa elfu moja anatafuta mahali ambapo hakuna mtu amegusa, chini ya kiti, nyuma ya mlango. Hao ni watu wawili wenye matatizo mawili tofauti. Hadithi iko kwenye chumba, anayeisoma ni aliyeingia saa hiyo.

#19 Bi Rula

Hmm. Nyuma ya mlango. Sawa, hilo nakupa.

#20 Chapa Usiku

Kigoda kimeanza kuuma. Mkasi Butu yuko wapi, viputo vimebandikwa au havijabandikwa?

#21 Mkasi Butu

Nipo wakuu, kazi za watu zilinibana.

Jaribio la tano. Nimechukua ya Bi Rula na ya Tabaka kwa pamoja. Stika bado 9. Nimetoa mwavuli, barua na ufunguo, nikaweka viputo vitatu vitupu. Gundi ya kudumu. Laminesheni nimeacha, kwa hiyo kalamu inaandika kwenye kiputo na hata ukurasani, na kurudi nyuma hakuna. Taa nimeibakisha, Bi Rula anisamehe, ila yule mtu wa nje sasa hana uso.

Nimegawa nakala 14, zimerudi 11. Zimetandazwa sakafuni sasa hivi, na hiki ndicho ninachokiona.

Viputo vinaliwa kwanza. Karibu wote waliandika kwenye kiputo kabla hawajakibandika, kikiwa bado kwenye karatasi yake, kisha ndio wakatafuta nani aseme. Mimi nilidhani wangebandika kwanza. Maneno yanatangulia msemaji! Mmoja aliandika "Nilikuambia tushuke", akakibeba kiputo kurasa zote 12, mbele na nyuma, mwishowe akampa mtoto wa benchi la nyuma, ambaye sasa halii tena. Ukurasa ule ukiusoma unapata ubaridi, kwa sababu mtoto anaonekana mzee kuliko wote mle ndani.

Mwingine alitumia viputo viwili, cha tatu akakiacha kitupu makusudi na kukielekeza kwenye sanduku. Mkia wa kiputo unagusa kufuli. Nilimuuliza kama alisahau kuandika. Akasema hapana, ndivyo linavyosema.

Nakala moja imeharibika. Mtu alijaribu kubandua kiputo alichokuwa amemwekea kondakta, ukurasa ukachanika katikati ya uso. Alikuja ameinamisha kichwa anaomba radhi. Kumbe alipoona umechanika alichukua stika ya tiketi akaziba pale, na tundu likaangukia jicho. Ndiyo nakala bora kuliko zote 11 na sijui kama nitaweza kuichora kwa makusudi.

Upande wa hasara: mbinu ya tiketi inapwaya. Watu sita walifuata namba, watano hawakuiona kabisa, waliona tundu tu. Nikikuza tarakimu, kitambaa kinaacha kuwa kitambaa. Bado naichezea, mwenye wazo alete.

#22 Wembe wa Pili

Usikuze tarakimu. Badili wino wa kitambaa chini ya namba uwe mwepesi nusu, namba zenyewe zibaki hivyohivyo. Kwa mbali jicho linaona kitambaa kilichopauka, kwenye tundu linaona namba. Nitumie faili niangalie, na safari hii mstari wa kukata uweke kwenye tabaka lake peke yake, uliniletea umechanganyika na mchoro mara ya mwisho nikataka kulia kama yule mtoto.

#23 Msomaji wa Pembeni

Mimi niliyeuliza habari za ukucha. Nakala zikibaki naomba moja.

#24 Bi Rula

Na paka?

#25 Mkasi Butu

Wembe, faili nakutumia usiku huu, mstari wa kukata peke yake, naapa. Msomaji wa Pembeni, yako ipo.

Bi Rula, paka nilikuwa namtarajia juu ya sanduku. Nililichora na kifuniko bapa kwa ajili yake, hata vumbi nikalifuta pale atakapokaa. Katika nakala 11, wanne wamemweka mapajani mwa bibi kizee, watatu kwa mtoto, wawili nje ya dirisha, mmoja kwenye kofia ya mwanamume. Wa mwisho hajambandika kabisa. Amerudisha karatasi ya stika ikiwa na paka peke yake katikati, amechorewa dirisha kwa kalamu.